Amlodipini si nifedipini ya chini ya ulimi

Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kidonge kipya cha shinikizo la damu chenye dawa tatu kwa vipimo vidogo: telmisartani, amlodipini na indapamidi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ngeni kwa daktari. Kilicho kipya ni kuzitia katika kidonge kimoja na kuanza nazo mapema, badala ya kungoja mgonjwa ashindwe na moja ndipo aongezewe ya pili. Kabla ya hapo kidonge hicho kilikuwa kimejaribiwa Abuja, Nigeria, kwa watu 300, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Baada ya miezi sita, namba ya juu ya presha waliyojipima nyumbani ilikuwa imeshuka kwa wastani wa 31 kwa waliotumia kidonge hicho, na 26 kwa waliofuata utaratibu wa kawaida wa Nigeria, utaratibu ambao nao huanza na amlodipini. Habari hiyo imepokelewa kwetu kwa namna mbili, na naona zote mbili zimekosea. Wapo walioishangilia kama muujiza. Na wapo wengi zaidi, hasa kwenye zile sauti zinazozunguka WhatsApp, wanaosema kwamba amlodipini ni ile ile inayovimbisha miguu, inayoua figo na kutanua moyo, na sasa wazungu wameificha ndani ya kidonge cha dawa tatu.

Hoja yangu ni kwamba swali la iwapo dawa za kundi la amlodipini, yaani vizuia kalsiamu, ni salama au ni hatari halina jibu, kwa sababu kundi lenyewe si dawa moja. Vizuia kalsiamu vimeokoa watu wengi kutoka kwenye kiharusi, na baadhi yake vimewadhuru watu kwa njia zinazojulikana na kuelezeka. Tofauti iko katika mambo manne: dawa ipi ndani ya kundi, inaingia mwilini kwa kasi gani, moyo wa anayeimeza una hali gani, na anameza nini kingine pamoja nayo. Hapa kwetu madhara mengi yanatokana na sisi kuyapuuza hayo manne na kubishana juu ya jina.

Kwanza niondoe jambo moja ambalo huulizwa kila mara: dawa hizi hazihusiani na kalsiamu ya maziwa wala ya mifupa. Mgonjwa haachi kunywa maziwa kwa sababu yake. Kalsiamu inayozungumzwa ni ile inayopenya kwenye seli ya msuli kupitia vijilango vidogo, na msuli wowote, uwe wa moyo au wa ukuta wa mshipa, haujikunji bila hiyo. Mjerumani Albrecht Fleckenstein, akifanya kazi Freiburg miaka ya 1960, ndiye aliyeonyesha kwamba zipo dawa zinazoweza kuvifunga vijilango hivyo kwa sehemu. Mshipa usiopata kalsiamu ya kutosha hulegea, hupanuka, na shinikizo la damu hushuka. Moyo usiopata kalsiamu ya kutosha hupiga polepole na kwa nguvu ndogo. Hapo ndipo kundi linapogawanyika. Amlodipini, nifedipini na ndugu zao wote wenye majina yanayoishia na "dipini" hushughulika zaidi na mishipa. Verapamili, na kwa kiasi fulani diltiazemu, hushughulika na moyo wenyewe: msuli wake na umeme unaouendesha. Kuziita zote "dawa ya kalsiamu" na kuzihukumu pamoja ni sawa na kuwahukumu watu wa ukoo mmoja kwa kosa la mmoja wao.

Hofu iliyopo leo haikuanzia WhatsApp. Ina historia, na historia hiyo inastahili heshima. Mwaka 1995 Bruce Psaty na wenzake, wakitumia kumbukumbu za wagonjwa wa Seattle, walitangaza kwamba watu wenye presha waliokuwa wakitumia vizuia kalsiamu vya muda mfupi walikuwa na uwezekano wa kupata shambulio la moyo uliozidi kwa takriban asilimia 60 ule wa waliotumia dawa za kukojoza. Mwaka huo huo Curt Furberg, pamoja na Psaty, walikusanya majaribio 16 yenye wagonjwa 8,350 wa mishipa ya moyo na kuonyesha kwamba kadiri dozi ya nifedipini ilivyopanda ndivyo vifo vilivyoongezeka. Kwa waliokuwa wakipewa miligramu 80 kwa siku, hatari ya kufa ilikaribia kuwa mara tatu. Vyombo vya habari vya Marekani viliibeba habari hiyo kwa kishindo, wagonjwa wakaanza kupiga simu kliniki, wengine wakaacha dawa siku hiyo hiyo.

Ubishani uliofuata ulikuwa mkali, na haukuwa wa kisayansi mtupu. Mwaka 1998 watafiti wa Toronto walichapisha uchunguzi uliowaangalia wataalamu walioandika kutetea dawa hizi na walioandika kuzikosoa. Kati ya watetezi, asilimia 96 walikuwa na uhusiano wa kifedha na kampuni zinazozitengeneza. Kati ya wakosoaji, asilimia 37. Naitaja namba hiyo kwa sababu wanaoeneza hofu leo hupenda kusema "madaktari wamenunuliwa na makampuni", na itakuwa si haki kujifanya kwamba kauli hiyo haina mzizi wowote. Mzizi upo. Lakini fedha ya kampuni huweza kumfanya mtu anyamaze au atie chumvi. Haiwezi kubadili kilichotokea kwa wagonjwa elfu thelathini waliopangiwa dawa kwa bahati nasibu na kufuatiliwa kwa miaka. Majaribio ya aina hiyo yalikuja baadaye, na kubwa kuliko yote, liitwalo ALLHAT, liligharamiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Marekani.

Kabla ya kufika huko, ni lazima kuelewa kwa nini nifedipini ya miaka ile iliua. Ilikuwa kapsuli yenye maji ndani. Ukiimeza, dawa yote inaingia kwenye damu kwa muda mfupi, mishipa inafunguka ghafla, presha inaporomoka. Mwili hautulii na hali hiyo. Unatoa homoni za hatari, moyo unaanza kwenda mbio, unadai oksijeni zaidi wakati ule ule ambapo damu inayoufikia imepungua msukumo. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake tayari imeziba nusu, hiyo ni njia nyoofu ya kwenda kwenye shambulio. Baada ya saa chache dawa inakwisha, presha inapanda tena, kisha kapsuli nyingine, na mzunguko unarudi mara tatu kwa siku. Amlodipini ni kinyume chake kwa tabia. Huingia polepole, na nusu yake hubaki kwenye damu kwa saa 30 hadi 50, kiasi kwamba mtu akisahau kidonge siku moja presha yake hairuki. Haileti ule mshtuko. Baadaye nifedipini yenyewe ilitengenezwa upya kama kidonge kinachoachia dawa kidogo kidogo, na jaribio la mwaka 2004 lililowahusisha wagonjwa 7,665 wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo halikuona ongezeko la vifo wala la mashambulio ya moyo.

Sasa ALLHAT. Matokeo yake yalitoka Desemba 2002, watu 33,357 wenye presha, wakilinganishwa kati ya dawa ya kukojoza klorthalidoni, amlodipini na lisinoprili, inayozuia njia ya homoni ya renini. Kwa vifo vya moyo na mashambulio ya moyo, amlodipini haikuwa mbaya kuliko klorthalidoni. Hofu ya 1995, kwa dawa ya muda mrefu, ilikuwa imejibiwa. Hofu nyingine iliyokuwa imezuka kwamba dawa hizi huleta saratani nayo haikupata nguvu kwenye takwimu hizo. Lakini lilijitokeza jambo ambalo watetezi wa amlodipini hupenda kulipita haraka: moyo kushindwa kazi ulitokea zaidi kwa asilimia 38 kwa waliotumia amlodipini kuliko waliotumia klorthalidoni, yaani asilimia 10.2 dhidi ya 7.7 katika miaka sita. Wapo waliosema kwamba ni miguu iliyovimba tu ikahesabiwa kimakosa kuwa ni moyo. Hoja hiyo ilikuwa na mantiki mpaka kumbukumbu za hospitali zilipopitiwa upya na ikaonekana kwamba kulazwa kwa ajili ya moyo kulikuwa kwa kweli. Kwa hiyo naikubali kama gharama halisi. Ukiwa na presha na moyo wako umeanza kuchoka, amlodipini peke yake, bila dawa ya kukojoza wala dawa ya kundi la lisinoprili, si mpango mzuri.

Upande wa faida hauko mbali. Jaribio la ASCOT, lililohusisha watu 19,257 katika Uingereza, Ayalandi na nchi za Skandinavia na kuchapishwa mwaka 2005, lilisimamishwa mapema kwa sababu walioanza na amlodipini walikuwa wakifa kwa uchache kuliko walioanza na atenololi, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo: vifo pungufu kwa asilimia 11, viharusi pungufu kwa asilimia 23. Unaweza kusema atenololi ni mshindani dhaifu, na nitakuunga mkono. Hata hivyo atenololi ndiyo iliyokuwa mikononi mwa wagonjwa wengi wakati huo. Na kiharusi ndicho kinachotusumbua hapa. Anayeingia wodi ya hospitali yoyote ya mkoa na kuhesabu vitanda vya waliopooza upande mmoja ataelewa kwa nini asilimia 23 si namba ya kwenye karatasi.

Hapo ndipo Afrika inapoingia, na kwa mara moja inaingia na takwimu zake yenyewe. Jaribio la CREOLE, lililofanyika Nigeria, Kameruni, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini kwa watu 728 na kuchapishwa mwaka 2019, lilipima michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Miwili yenye amlodipini ndani yake ilishusha presha kuliko ule wa tatu uliochanganya perindoprili, ndugu ya lisinoprili, na dawa ya kukojoza, kwa takriban vizio vitatu vya presha zaidi kwa wastani wa saa 24. Vitatu vinaonekana vichache, lakini vikichukuliwa kwa watu milioni kadhaa na kwa miaka kumi, ni viharusi vingi visivyotokea. Wataalamu hueleza kwamba wengi wetu tuna presha ya mwili kushikilia chumvi na maji, yenye homoni ya renini kidogo, na hivyo dawa zinazopambana na njia ya renini zikiwa peke yake hazina kitu kikubwa cha kupambana nacho. Sipendi maelezo hayo yanapogeuzwa kuwa "dawa ya watu weusi", kwa sababu rangi ya ngozi ni kipimo butu mno cha kemia ya figo ya mtu mmoja mmoja. Ila kama kanuni ya kuanzia, pale ambapo hakuna maabara ya kupima renini wala fedha ya kuipima, ushahidi unaelekea upande wa amlodipini, ikiwa na mwenzake.

Nirudi kwenye miguu, maana ndiyo hoja inayotumiwa kuliko zote na ndiyo dhaifu kuliko zote. "Miguu imevimba, basi figo zimekufa." Kinachotokea ni hiki. Amlodipini hufungua mishipa midogo inayopeleka damu, lakini haifungui kwa kiasi hicho ile inayoirudisha. Damu inaingia kwa wingi kwenye vimishipa vya mguuni, inakuta njia ya kutokea ni nyembamba, maji yanachuja na kukaa chini ya ngozi ya kifundo. Ni suala la mabomba. Figo hazina kosa hapo, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, itakuonyesha hivyo. Hutegemea dozi sana: katika majaribio ya mwanzo ya dawa hii, uvimbe uliripotiwa kwa asilimia 3 ya waliotumia miligramu 5 na kwa karibu asilimia 11 ya waliotumia miligramu 10, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Tiba yake huwa ni kupunguza dozi, au kuongeza dawa ya kundi la lisinoprili au losartani, ambayo hufungua na upande wa kutokea. Hapo unaona kwa nini kile kidonge cha dawa tatu kina vipimo vidogo na kina telmisartani, ndugu ya losartani, ndani. Waliokitunga walijua wanachokifanya.

Shangazi yangu aliipata miguu hiyo. Alikuwa kwenye miligramu 10, viatu vikaanza kukataa kuingia, akaenda kituo cha karibu na nyumbani kwake akapewa furosemidi, dawa ya kukojoza. Uvimbe haukuisha, kwa sababu maji yale hayakutokana na mwili kujaa maji. Akaongezewa dozi. Akawa anaamka mara tano usiku kwenda chooni, misuli ikawa inamkakamaa, na usiku mmoja akaanguka kwenye ngazi za uani. Hakuna aliyeigusa amlodipini. Nilidhani ni bahati mbaya ya kituo kile mpaka niliposoma kwamba jambo hilo limepimwa: utafiti wa jimbo la Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, uliwaona wazee walioanzishiwa vizuia kalsiamu wakipewa dawa ya kukojoza ya aina ya furosemidi kwa wingi zaidi kuliko walioanzishiwa dawa nyingine za presha. Dawa moja inaleta dalili, dalili inaitwa ugonjwa, ugonjwa unapewa dawa ya pili. Hilo ni dhara la amlodipini kweli, lakini linatokea kupitia kalamu ya anayeandika.

Lakini nisiishie kwenye kuwakosoa walioogopa, maana ndani ya uvumi huu wa figo kuna punje ya ukweli ambayo haisemwi na upande wowote. Marekani kulikuwa na jaribio liitwalo AASK, lililowahusisha Wamarekani weusi 1,094 ambao figo zao zilikuwa tayari zimeharibiwa na presha. Sehemu ya waliopewa amlodipini ilisimamishwa mapema mwaka 2000, kwa sababu waliopewa ramiprili, ya kundi la lisinoprili, walikuwa wakihifadhi figo zao vizuri zaidi, hasa wale ambao mkojo wao ulikuwa na protini. Amlodipini haikuziua figo. Ilishindwa kuzilinda kama mwenzake alivyozilinda. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mgonjwa. Maana yake ni kwamba kipimo rahisi cha protini kwenye mkojo, kile cha kijiti kinachobadilika rangi, kinapaswa kufanyika kabla ya mtu kuachwa na amlodipini peke yake kwa miaka. Ni kipimo kinachofanyika hata zahanati, kila siku, kwa wajawazito. Kwa mzee wa presha mara nyingi hakifanyiki. Na kama uvimbe wa miguu unakuja pamoja na kubanwa pumzi ukilala chali, au uvimbe wa uso asubuhi, au mkojo wenye povu, hapo si mabomba tena, ni moyo au figo, na ni sababu ya kwenda hospitali, si ya kuacha dawa kimya kimya.

Kinachonitia hasira zaidi kuliko uvumi wowote ni kapsuli ya chini ya ulimi. Mtu anafika na presha ya 200 kwa 120, hana dalili nyingine, kichwa kinauma kidogo. Mhudumu anatoboa kapsuli ya nifedipini kwa sindano, anamdondoshea chini ya ulimi, na nusu saa baadaye namba imeshuka, kila mmoja amefurahi. Kamati ya wataalamu ya mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa matumizi hayo mwaka 1985, miaka kumi kabla ya Psaty. Mwaka 1996 Ehud Grossman na wenzake walikusanya taarifa za waliopata kiharusi, shambulio la moyo, hata kifo baada ya kufanyiwa hivyo, wakataka desturi hiyo isimamishwe. Wala dawa haifyonzwi vizuri chini ya ulimi. Inafanya kazi kwa sababu mgonjwa anaimeza. Mtu aliyeishi na presha ya 200 kwa miaka mitano, ubongo wake umeshajipanga kupokea damu kwa msukumo huo. Ukimteremsha hadi 130 kwa dakika ishirini umemkatia ubongo damu, ukadhani umemsaidia. Asiye na dalili za hatari anahitaji vidonge vya kumeza, kukaa, kutulia, na kurudi baada ya siku chache. Mwenye dalili za hatari anahitaji hospitali yenye dawa ya mshipa inayoweza kupunguzwa kasi.

Kuna mahali pamoja ambapo nifedipini ya haraka inabaki na kazi yake halali, na ni lazima niiseme ili mtu asisome makala hii akaikataza wodi ya wazazi. Mama mjamzito mwenye presha ya kutisha anaweza kuokolewa na nifedipini ya kumeza. Jaribio lililofanyika Nagpur, India, kwa wanawake 894 na kuchapishwa mwaka 2019, liliona asilimia 84 ya waliopewa nifedipini wakifika kwenye presha salama ndani ya saa sita bila madhara makubwa, dhidi ya 76 kwa methildopa, dawa nyingine ya presha ya wajawazito. Lakini hao ni wanawake vijana, mishipa ya moyo yao haijaziba, wanameza badala ya kudondoshewa, na wanapimwa mara kwa mara. Dawa ni ile ile, lakini mtu ni mwingine na uangalizi ni mwingine.

Verapamili na diltiazemu zinastahili maneno machache kwa sababu hatari yake ni ya aina nyingine kabisa, na huko amlodipini haihusiki. Ni dawa nzuri kwa moyo unaokimbia ghafla bila mpangilio, na kwa maumivu ya kifua yanayotokana na mshipa wa moyo kujikaza wenyewe ni miongoni mwa tiba bora zilizopo. Lakini moyo uliodhoofika, ule ambao picha ya echo, yaani ultrasound ya moyo, inaonyesha hausukumi damu inavyotakiwa, hauruhusiwi kupewa hizo mbili. Jaribio la diltiazemu la mwaka 1988 kwa watu waliotoka kwenye shambulio la moyo lilionyesha wazi: waliokuwa na maji kwenye mapafu walidhurika. Kwetu ambako vijana wengi huja hospitali wakiwa na valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, moyo ukiwa umeshatanuka na mapigo yakienda ovyo, echo kabla ya verapamili si anasa. Na kuitia verapamili juu ya atenololi au ndugu yake karvediloli ni kuweka breki mbili kwenye gurudumu moja. Mapigo yanaweza kushuka mpaka mtu azimie, na wengine moyo husimama. Amlodipini, kinyume chake, ilijaribiwa mwaka 1996 kwa watu 1,153 wenye moyo dhaifu sana, na kwa ujumla haikuwaongezea vifo wala haikuwapunguzia.

Kutokana na hayo yote, naona duka la dawa ndilo uwanja halisi wa suala hili kuliko maabara ya Marekani. Mgonjwa anaandikiwa nifedipini ya kuachia polepole ya miligramu 20. Dukani hakuna, anapewa kapsuli mbili za kawaida za kumi, maana hesabu inalingana. Hesabu inalingana, dawa hailingani hata kidogo. Amerudishwa mwaka 1995. Au anapewa kile kinachostahili, anaona ni kikubwa, anakivunja au anakitafuna, na dawa iliyopangwa kutoka kwa saa kumi na mbili au ishirini na nne inatoka yote kwa mpigo. Maneno "usivunje, usitafune" yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye bahasha ile ya dawa, kwa kalamu tu ya mfamasia, yangezuia zaidi ya semina nyingi. Kwa sababu hiyo mimi naunga mkono amlodipini ishike nafasi ya nifedipini kwenye kliniki zetu za presha za kawaida: haina toleo la haraka la kuchanganywa nalo, haidhuriki ikivunjwa, inamezwa mara moja, na tangu hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza, ilipokwisha Marekani mwaka 2007 imekuwa ya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilipoviweka vizuia kalsiamu kwenye dawa za kuanzia, lilitaja kwa makusudi vile vya muda mrefu.

Kidonge cha dawa tatu nakipokea kwa mantiki hiyo hiyo. Dozi ndogo ya amlodipini inayobebwa na wenzake wawili ni jibu la miguu na, kwa sehemu, ni jibu la ule moyo kushindwa kazi wa ALLHAT, kwa sababu ndani yake kuna indapamidi, dawa ya kukojoza. Hakitakuwa na maana kikija kwa bei ya Marekani, wakati dawa zake zote tatu zinapatikana kando kando kama dawa zisizo na jina la biashara. Na kidonge kilichokwisha kuchanganywa kina ugumu wake: ikitokea moja kati ya tatu haikufai, unaziacha zote.

Bado liko suala la dawa zinazokutana, na hapa nina wasiwasi zaidi kuliko kwingine. Klarithromisini, kiuavijasumu cha kawaida tu cha kifua na tumbo, huzuia ini kuvunja vizuia kalsiamu, na mzee anaweza kuanguka kwa presha kushuka mno. Ritonaviri, iliyomo kwenye dawa za UKIMWI za safu ya pili, hufanya hivyo hivyo. Simvastatini, dawa ya kushusha lehemu, haipaswi kuzidi miligramu 20 ukiwa kwenye amlodipini. Juisi ya balungi huipandisha nifedipini. Lakini rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huliamsha ini na utumbo vivunje dawa hizi kwa kasi kiasi kwamba nifedipini inayomezwa hufika kwenye damu kwa sehemu ndogo tu, na amlodipini nayo hupungua. Mgonjwa wa TB mwenye presha anameza vyote viwili kwa uaminifu, na presha haishuki. Kwenye kliniki ya presha wanamwona mkaidi, wanampandishia dozi. Dirisha la TB liko upande wa pili wa uwanja wa hospitali ile ile, na kadi zake ni mbili, moja haijui habari za nyingine. Miezi sita inakwisha, anapongezwa kwa kumaliza dawa za TB, anaendelea na amlodipini ya miligramu 10 aliyopandishiwa. Wiki mbili hivi baadaye ini limerudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kwenye kadi ya presha hakuna aliyeandika kwa nini dozi ile ilipanda.